Barua kwa Mabula kuhusu chumvi ya Masalu

Bwiru, Mwanza

Ndugu yangu Mabula,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, shemeji yako anakusalimu, na kimya chetu cha tangu msiba wa Mzee Ndaro tutakizungumza tutakapoonana, kwa kuwa jambo linalonifanya nikuandikie leo halistahimili kucheleweshwa.

Masalu amenitumia andiko la utafiti wake wa shahada ya uzamili. Anakusudia kutengeneza seli ndogo za majaribio zitakazovumilia joto linalozipata betri za taa za wavuvi wa dagaa, na kwa ajili hiyo ataiondoa kabisa chumvi ya kawaida ya elektrolaiti (kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya betri), yaani lithiamu heksaflorofosfati, aweke chumvi nyingine ya lithiamu, ile iitwayo kwa kifupi TFSI. Msimamizi wake amekwisha kutia saini, na wiki ijayo wanaagiza vifaa. Nililisoma kwa furaha mpaka nilipofika kwenye orodha ya vifaa, nikasita: upande wa kathodi, yaani ncha chanya, ameandika karatasi tupu ya alumini ya kukusanya umeme, bila kinga yoyote.

Hoja yake ya kuanzia ina msingi. Wewe unaijua Igombe; betri iliyowasha taa usiku kucha hushinda mchangani ndani ya boksi jeusi, jua likiipiga. Chumvi ya kawaida ikishakuwa ndani ya kiyeyushi huanza kudhoofika joto likikaribia nyuzi 60, na ikikutana na unyevu hata kidogo huzaa asidi ya hidrofloriki, ambayo huitafuna kathodi. TFSI haina udhaifu huo. Kijana ameona adui na amemfukuza.

Tatizo ni kwamba huyo adui ndiye mlinzi wa alumini. Ngozi ya oksidi ambayo alumini huwa nayo kiasili ina unene wa nanomita chache tu, na katika volti za kathodi haitoshi peke yake. Floridi inayotoka kwenye chumvi ile ya zamani ndiyo inayoiongezea tabaka la alumini floridi, ambalo haliyeyuki kwa urahisi katika viyeyushi vya kabonati. TFSI nayo ina florini, lakini imeishikilia kwa nguvu na haiiachii. Badala yake huzibeba ioni za alumini na kufanya nazo chumvi inayoyeyuka, hivyo ngozi inabomoka na metali inabaki wazi. Ni kama mtu aliyemfukuza mbwa kwa sababu anauma wageni, kisha akashangaa kuona mbuzi wanaibwa. Vishimo vikishaanza kuchimbika katika karatasi yenye unene wa mikromita 15 hivi, hakuna pa kuponea: kemikali ya kathodi inabanduka, ukinzani wa ndani unapanda, na alumini iliyoyeyuka inasafiri hadi anodi, ncha hasi, na kutua huko.

(Dotto, kama kawaida yake, ameshauri karatasi ya shaba, inayotumika upande wa anodi, tuiweke pande zote mbili yaishe. Mweleze wewe kwamba shaba huyeyuka katika volti za kathodi, kama alumini inavyoungana na lithiamu katika volti za anodi. Mimi nimechoka kubishana naye.)

Nilipompigia Masalu simu, alinijibu kwa utulivu kwamba atatumia kathodi ya lithiamu chuma fosfati, inayofanya kazi kwenye volti 3.4, ilhali TFSI huanza kuila alumini kati ya volti 3.6 na 3.8. Jibu zuri, ila volti hizo zote hupimwa dhidi ya metali ya lithiamu. Chaja yake itaifikisha seli kwenye volti 3.65 dhidi ya grafiti ya anodi, na grafiti iliyojaa iko takriban volti 0.1 juu ya lithiamu, kwa hiyo kathodi itakuwa imefika 3.75, katikati kabisa ya eneo la hatari. Ongeza hapo joto, ambalo ndilo kiini cha utafiti wenyewe na ambalo huharakisha ulikaji. Ninachokihofia zaidi ni kwamba majaribio mafupi ya maabara yatampa matokeo mazuri, kwa sababu vishimo huchukua muda, naye atatangaza ushindi.

Sitaki aiache TFSI. Nadhani aichanganye na chumvi ya zamani kwa kiasi, au aongeze ile ya BOB, chumvi ya lithiamu yenye boroni, ambayo huacha tabaka la kinga juu ya alumini. Karatasi iliyopakwa kaboni husaidia, ingawa haizuii kabisa. Wako wanaokoleza elektrolaiti mpaka kiyeyushi huru cha kuchukua alumini kinakuwa kidogo sana, lakini elektrolaiti hiyo ni nzito na bei yake si ya kwetu.

Sasa, je, utakubali kulisoma andiko hilo kabla ya oda kwenda? Boksi lenu la gesi ya agoni, la kuundia seli pasipo unyevu, linafanya kazi, na mna BOB hata gramu chache? Unaweza kumruhusu aishikilie alumini tupu kwenye volti 4.2 ndani ya kila elektrolaiti, kwa nyuzi 25 na kwa nyuzi 60, aone kama mkondo unashuka, au unapanda kwa kuwa alumini inaliwa? Na msimamizi wake, ambaye hawezi kumsikiliza mwalimu wa sekondari kama mimi, wewe atakusikiliza? Nijibu kwa simu ukiweza, kwa maana barua itachelewa.

Ndugu yako,
Magesa