Krismasi njema jamani, haswa manesi mlioko zamu

Heri ya Krismasi ndugu zangu wa Dar, Mombasa, Nairobi na sisi tuliotapakaa huku Uingereza kwenye baridi! Najua saa hizi pilau inanukia, ila salamu za mwaka huu naanza na manesi, wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba kufunga vidonda na kuchoma wazee insulini, leo pia wako barabarani.

Hii kazi bwana ilianzia msibani. 1859 kule Liverpool tajiri mmoja, William Rathbone, alifiwa na mke, na alivyoona jinsi nesi Mary Robinson alivyomtuliza marehemu akajiuliza, kama mimi na hela zangu nimehitaji msaada huu, maskini je? Akamwajiri kwa miezi mitatu awauguze maskini makwao. Mwezi tu mama wa watu karudi analia, shida alizozikuta humo ndani zimemshinda, anaomba aache. Rathbone akambembeleza, na muda ulipoisha ndo hataki tena kuacha!

Baadaye 1887 Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 kwenye kiti wanawake walimchangia, akatoa pauni 70,000 kuanzisha taasisi ya manesi hao.

Lakini mimi inayonikosha ni ya bustani. Taasisi inatafuta hela, mjumbe wa baraza lake Elsie Wagg akasema nchi hii ina bustani nzuri kibao watu hawazioni, si tuwaombe wenyewe wafungue mageti, kiingilio shilingi moja (shilingi yao hiyo, waliiacha 1971, sisi bado tunayo). Basi 1927 zikafunguliwa bustani 609, zikaingia zaidi ya pauni 8,000. Serikali ikaja kubeba matibabu 1948 lakini bustani hazikufungwa, hela zikaenda kwa manesi waliostaafu wenye shida na kwenye mafunzo, na mpaka leo watu wanalipa kiingilio wanakula na keki.

Sisi kwa michango hatujambo, harambee, kadi za harusi, magrupu ya WhatsApp, simu haitulii. Ila mtu anatoa geti lake na maua ambayo angepanda hata hivyo, hakuna kamati ya kumfukuzia ahadi, hiyo nimeipenda sana na wenye viwanja vizuri mnajijua.

Haya, manesi wetu popote mlipo, zamu iwe nyepesi, barabara zisiteleze, na mkirudi mkute wamewabakizia nyama. Heri ya mwaka mpya!