Wakaguzi wa miti mitaani wapewe mtu wa kumpigia

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie miti ya mji wetu wa Mombasa, ambayo wadudu wageni wanaimaliza mbele ya macho yetu.

Mpapai wa uani kwetu Tudor ulianza na madoa meupe chini ya majani, ungedhani mtu kamwaga unga wa chapati. Haukupita muda, matunda yakafunikwa kama kwa pamba, majani yakajikunja, na sisimizi wakawa wanapanda na kushuka shinani wakifuata ule utomvu mtamu. Ukigusa, vidole vinanata. Nilishachukua panga niukate. Aliyenizuia ni kijana wa jirani, mmoja wa watu kumi hivi wanaozunguka mtaa kila Jumamosi kukagua miti. Akanieleza kuwa weupe ule ni mdudu ambaye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na Pwani yetu ameonekana tangu mwaka 2016. Tulikata majani yaliyozidiwa tukayafukia, tukausugua mti kwa maji ya sabuni wiki baada ya wiki. Ramadhani iliyopita tulifuturu kwa mapapai yake.

Watu hawa hawalipwi hata senti. Msimu wa maembe huokota yaliyoanguka na kuyafukia futi 2 chini, kwa sababu funza aliyemo akiachwa huingia mchangani na kutoka akiwa inzi. Inzi huyo naye ni mgeni kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003.

Shida ni pale wanapokutana na wasichokijua. Mwezi uliopita walikuta mwembe una matundu membamba shinani, kama yaliyodungwa kwa sindano, na vumbi la mbao likitoka. Walikwenda ofisi moja wakaelekezwa nyingine, na huko wakaambiwa waandike barua. Hadi leo hajafika mtu. Huenda ni mdudu wetu wa siku zote. Lakini Afrika Kusini, mwaka 2017, waligundua mbawakawa wa milimita 2 kutoka Asia anayetoboa mashina na kupandikiza kuvu ndani, na miti ya barabarani Johannesburg imekufa kwa ajili yake. Sisi ni mji wa bandari. Mbao za kufungia shehena hushuka Kilindini kila siku. Kanuni za kimataifa zinataka zipashwe joto la digrii 56 kwa dakika 30, au zitiwe dawa, kisha zigongwe muhuri, ila mkaguzi hawezi kupekua kila ubao, na nyingi huishia kuwa makochi barazani kwetu.

Naiomba serikali ya kaunti itoe namba moja ya kutuma picha, na afisa mmoja wa kujibu na kuja. Iwape pia vitambulisho, maana kuna wenye nyumba wanaowafukuza wakidhani ni wezi.

Mwembe ule bado unatoa vumbi. Afisa atakayekuja Jumamosi saa moja asubuhi atawakuta chini yake.

Mkazi wa Tudor,
Mombasa