Barua ya wazi kwa Gavana wa Lamu: kaunti iwe mteja wa kwanza wa vijana wetu

Mheshimiwa Gavana,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi seremala hapa Langoni, na karakana yangu haikosi vijana wanaojifunza kushika randa na patasi. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani. Ukipita Usita wa Mui saa nne asubuhi, siku ya kazi, utawakuta vijana wamekaa barazani, wengine na vyeti vya kidato cha nne, wengine na vyeti vya semina za ujasiriamali. Semina zimekuwa nyingi. Kijana hufundishwa kuandika mpango wa biashara, akapewa chai na nauli, akapigwa picha mbele ya bango, kisha akarudi barazani. Hakuna anayemwonyesha mtu wa kununua kile anachoweza kutengeneza. Na mzazi wa hapa akimwona mwanawe amekaa bure mwaka wa pili, hofu yake ya kwanza ni unga, yaani dawa za kulevya. Wewe ni mtu wa Lamu, hilo huhitaji kuelezwa.

Ombi langu ni moja: kaunti yenyewe iwe mteja wao wa kwanza.

Nitaeleza kwa kazi ninayoijua. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo viti, meza na rafu za kila chekechea kuanzia Kiunga hadi Witu ni ununuzi wa ofisi yako, na kijana anayesomea useremala chuoni ni mwanafunzi wa ofisi hiyo hiyo. Zabuni ya viti ikitoka kwa furushi moja, mamia kwa mpigo, na dhamana ya benki juu yake, fundi mchanga hawezi hata kuisogelea. Ikigawanywa kwa wadi zetu 10, viti 30 Faza, viti 20 Mkunumbi, vijana watatu wenye msumeno mmoja wanaweza kuimaliza ndani ya mwezi, na kiti kikilegea mguu mwalimu anajua pa kumpata aliyekiunda.

Sheria inakuruhusu, tena inakutaka. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi hayo nafasi ya zabuni, ndicho kinachomfungulia kijana mlango huo, nacho hakilipiwi. Lakini ili akipate lazima awe amesajili biashara, ana namba ya kodi na ana idhini kwamba hadaiwi kodi. Kwa kijana wa mjini hiyo ni kazi ya siku chache kwenye mtandao. Kwa wa Kizingitini ni nauli ya boti kwenda na kurudi, na akikosa karatasi moja anaanza upya. Mtume afisa mmoja vyuoni wiki ya mwisho ya muhula, awasajili wahitimu wakiwa bado wako pamoja, kabla hawajatawanyika.

Sasa nije kwenye malipo, maana bila hili mengine yote niliyoandika ni bure. Mwenye kampuni kubwa akicheleweshewa hela zake miezi sita ataumia, lakini ataendelea. Kijana hawezi. Mbao alizikopa, na mwenye mbao hataki kusikia habari za mwaka wa fedha. Atauza randa yake alipe deni, na huyo ndiye amekwisha. Hata zabuni nyingine ikitoka kesho hataiomba. Naomba kazi ndogo za vijana ziwekewe fungu lake peke yake, lisiloguswa na madeni ya miaka ya nyuma, na alipwe ndani ya siku 30 tangu mzigo upokelewe. Afisa akikawia kutia sahihi, aulizwe kwa nini.

Kuna watakaokujibu kwamba vijana wanahitaji mikopo. Mikopo ipo. Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 2022, na mkopo wake wa mtu binafsi hutozwa asilimia 8 kwa mwaka na kurudishwa ndani ya siku 14. Hapa kwetu una vikwazo viwili. Kwanza ni riba, na vijana wengi wa hapa hawaigusi, wala sitawashawishi waiguse. Pili ni bahari. Kusi ikivuma, kati ya Aprili na Agosti, vyombo vidogo hukaa ufukweni siku nyingi na wageni hupungua mahotelini, Shela hadi Manda. Aliyekopa Mei kununua nyavu, hizo siku 14 atalipa na nini? Mfuko wa Uwezo una nafuu, kwa kuwa hautozi riba ila gharama ya usimamizi, lakini nao unataka kikundi, na si kila kazi ni ya kikundi.

Kijana akiwa na LPO ya kaunti mkononi, yaani hati rasmi ya oda, na ikajulikana mjini kote kwamba kaunti inalipa kwa wakati, mwenye mbao atampa mbao bila riba na bila hati ya nyumba ya babake. Oda yenyewe inakuwa mtaji. Wazee wetu walifanya biashara ya bahari kwa uaminifu wa aina hiyo, mmoja akitoa mali na mwingine akitoa kazi, faida wakagawana. Mudharaba haihitaji kufundishwa kwenye semina hapa Lamu.

Ufundi tunao. Mafundi wa hapa ndio walioiunda Flipflopi, chombo cha plastiki iliyookotwa kilichopambwa kwa ndara kuukuu, kikashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Watu wenye uwezo huo hawashindwi na kiti cha chekechea.

Wanafunzi nao nawatia humu, ingawa najua shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali Kuu. Watoto wa sekondari ya msingi sasa wanasoma mambo ya biashara ndani ya somo la ufundi. Wanajifunza faida na hasara ubaoni, na wengi hawajawahi kuuza hata barafu ya ukwaju. Masoko, leseni na ushuru ni vyako. Basi zipe klabu za shule meza za bure pale Mkunguni, Mpeketoni na Mokowe, siku za likizo, nje ya saa za madrasa, bila ushuru wala leseni. Wauze achari, mabuyu, kachiri, hina, ukili waliosuka na bibi zao. Mwalimu asimamie daftari la mapato na matumizi, na hela ibaki ya watoto wenyewe. Simaanishi mtoto aache shule akachuuze samaki. Huo ni umaskini, na tunao wa kutosha.

Kofia nazitaja peke yake. Kofia ya vito hushonwa kwa miezi, na kijana anayeishona hushikwa na shida katikati akaiuza kwa bei ya kutupa, aliyeinunua akaenda kuiuza ghali kwingine. Kaunti hupokea wageni na kuwapa zawadi. Ziagizwe kofia mapema, nusu ya bei itangulie, na jina la mshonaji liandikwe kwenye kifungashio.

Bandari ya Kililana nayo, tangu gati la kwanza lilipofunguliwa Mei 2021, tumekuwa tukiulizana itaajiri wangapi. Bandari ya kisasa huendeshwa kwa kreni na watu wachache wenye ujuzi. Mimi ningeuliza zaidi inanunua nini: chakula, sare, usafi, ukarabati wa boti. Sauti yako huko ina uzito kuliko yetu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Kabla ya zabuni kutoka, naomba orodha ya vitu ambavyo kaunti itanunua ibandikwe Mkunguni, Faza, Mpeketoni na Witu, kwa Kiswahili, ikionyesha ni vipi vimetengewa vijana, kwa wadi gani na kwa kiasi gani. Vijana wangu wa karakana watakuja kuisoma siku hiyo hiyo, na mimi nitakuwa pamoja nao.

Wako,
Fundi seremala, Langoni, Lamu