Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo cha Uuguzi: mliyempitisha mlangoni, mfundisheni

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: WANAOINGIA CHUONI KWA MBINDE NA KUONDOKA KIMYAKIMYA

Salaam.

Jumanne iliyopita mwanafunzi wako wa mwaka wa pili aliingia zamu wodini kwetu akiwa ameandika namba 42 kiganjani kwa kalamu. Sikuiona mpaka alipoinua mkono kurekebisha dripu ya mzee mmoja aliyeishiwa maji kwa kutapika, ambaye moyo wake haustahimili maji ya haraka. Nikamuuliza hiyo arobaini na mbili ni ya nini. Akasema ni matone kwa dakika. Ya mgonjwa gani? Akanyamaza.

Mimi nilijua imetoka wapi. Lita moja kwa saa nane, kwa seti ya mpira wa dripu inayotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Ndilo swali la mtihani wenu wa hesabu za dawa, lipo tangu enzi zetu, na wengi wetu tulilijua jibu kabla ya kuijua njia. Mzee alikuwa ameandikiwa mililita 500 kwa saa sita. Zidisha 500 kwa 20, gawa kwa dakika 360, unapata 28. Kwa 42 chupa ingekwisha ndani ya saa nne. Nikakirudisha kigurudumu cha dripu taratibu huku nikihesabu matone kwa saa yangu ya kifuani. Daktari akaarifiwa, tukaandika kwenye faili kama inavyotakiwa. Mzee hakudhurika. Aliuliza tu mbona tunamkodolea macho mpira wake badala ya yeye.

Binti huyo alipata mia kwa mia kwenye mtihani huo wa hesabu. Nimehakikisha.

Nilipomkalisha chumba cha dawa na kumuuliza kwa nini hakuniita, alinijibu, “Sister, ukiuliza wanaandika hujiamini.” Nikaiomba fomu yake ya tathmini nikaisoma mstari kwa mstari. Kweli kujiamini kumepewa alama kumi. Kuuliza kabla ya kutenda hakupo popote. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni. Kwenye fomu yenu ni ujinga, tena wenye alama zake.

Nimekuandikia mara mbili faraghani juu ya mambo haya sikujibiwa, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu. Mimi ni mhitimu wa chuo hicho hicho, na sasa ndiye ninayewapokea wanafunzi wako wodini.

Naanza na mlango, kwa kuwa huko ndiko sifa ya chuo ilikojengwa. Mimi niliomba mara tatu. Mara ya kwanza nilijibiwa kwa sentensi moja: nafasi ni chache. Mara ya pili nikawekwa orodha ya akiba, wa nne. Nililala na ile barua chini ya mto muhula mzima, nikishtuka kila simu ikilia. Haikuwa nyinyi. Nikarudia mtihani wa kemia, nikajitolea mwaka mmoja kwenye makao ya wazee: kuogesha, kugeuza waliolala upande mmoja, kulisha mtu ambaye kila tonge lazima ulisubiri limezwe. Fomu ya maombi haikuwa na sehemu ya kuyaandika hayo. Mara ya tatu nikaingia kwa kemia.

Baada ya kuingia ndipo nikasikia kilichonikaa rohoni mpaka leo. Mwaka ule niliokuwa wa nne kwenye akiba, kabla muhula wa kwanza haujaisha, sita walikuwa wameshaondoka. Wawili walikula disko, yaani walifukuzwa kwa kufeli, wengine wanne walifungasha wenyewe. Viti sita, na hapo kwetu hakuna anayeingia katikati ya safari, kwa hiyo viti vile vilikaa vitupu mpaka mahafali. Kila unapotangaza kwa fahari kwamba chuo chako “hakibembelezi mtu”, mimi naona vile viti.

Maana wauguzi hawatoshi popote unapogeukia. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani mwaka 2023, na bado pengo likawa milioni 5.8. Wakati huo huo waliotimiza sifa wanarudishwa nyumbani: Marekani peke yake, mwaka 2023, programu za shahada za uuguzi zilikataa zaidi ya maombi 65,000 yaliyokidhi vigezo, na sababu kubwa ni ile unayoijua vizuri kuliko mimi, uhaba wa wakufunzi na wa nafasi za mazoezi hospitalini. Wanaotaka kusoma wapo tele. Kilicho adimu ni kiti, mkufunzi na kitanda chenye mgonjwa wa kujifunzia. Kitu kikiwa adimu hivyo, kukiacha kipotee muhula wa kwanza si ukali wa viwango. Ni ubadhirifu.

Na usaili wenyewe? Niliulizwa swali moja, kwa nini nataka kuwa muuguzi, nikajibu napenda kusaidia watu. Aliyenitangulia alijibu hivyo, aliyenifuata pia. Tulilinganisha tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje tukacheka. Swali ambalo kila mtu anajua jibu lake halimpimi mtu, linapima kama amefanyiwa mazoezi. Kule Kanada, Chuo Kikuu cha McMaster walianzisha zaidi ya miaka 20 iliyopita usaili wa vituo vifupi kwa waombaji wa udaktari, na vyuo vya uuguzi sehemu mbalimbali vimeuiga. Mwombaji anazunguka kituo hadi kituo, kila kimoja na mtahini wake na kisa chake: huyu ni ndugu wa mgonjwa amekasirika, zungumza naye; umemwona mwenzako akijaza chati bila kupima, utafanyaje? Dakika chache kila kituo, na mtu mmoja akikuchukia hakuangushi peke yake. Ungeweza kuanza na vituo vinne tu. Mimi na wenzangu watatu wa hapa wodini tuko tayari kukaa kwenye hivyo vituo siku zetu za mapumziko.

Hicho kisa cha chati sikukitunga. Muhula uliopita nilikuwa na kijana, mpole, nadhifu, hachelewi. Wagonjwa wake wote kumi na wawili walipumua mara 18 kwa dakika. Kila mmoja, kila baada ya saa nne, 18. Hata mama wa kitanda cha saba ambaye ukisimama mlangoni ulimwona mabega yanapanda na kushuka. Nilikaa pembeni yake nikahesabu dakika nzima: 32. Kijana alipata alama za juu za kujiamini, nami nilipoandika maelezo yangu kwenye fomu niliambiwa hayana sehemu ya kuingia. Kwa hiyo ukisema mnachuja ili kulinda wagonjwa, nakuunga mkono kwa mikono miwili, ila tazameni mnachuja nani. Aliyebuni namba kapita. Mwaka jana aliyeuliza mara tatu jinsi ya kusoma sindano ya insulini alipata supu ya vitendo, yaani mtihani wa kurudia.

Sasa darasani. Anayekuja kwenu ni mtu aliyekuwa wa kwanza au wa pili kila alikopita, kwa kukariri. Mnampa mtihani wa aina ambayo hajawahi kuiona: wagonjwa wanne, utaanza na yupi? Mmoja ana maumivu ya kidonda cha upasuaji, mwingine anasubiri karatasi za kuruhusiwa, wa tatu ana joto la 38, wa nne ana kisukari, ametoka jasho jembamba na anaongea mambo yasiyoeleweka. Wote wanne wanahitaji muuguzi. Hakuna jibu la uongo pale, kuna la kwanza. Ni yule wa jasho, sukari imeshuka, na ubongo haungoji. Mtu anayekujua kufikiri hivyo anajibu kwa sekunde kumi. Asiyefundishwa anatafuta kwenye madesa ukurasa wenye jibu, na ukurasa huo haupo. Anapata 48, kwa mara ya kwanza maishani, na hana wa kumwambia kwa sababu kila aliye karibu naye anajifanya amefaulu.

Mimi niliokolewa na wenzangu watatu. Tulikuwa tunakutana saa kumi na moja alfajiri, madaftari yamefungwa, mmoja anauliza wengine wanajibu kwa mdomo. Tulidhani ni ujanja wetu. Kumbe mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walishaonyesha kwamba waliojipima wenyewe bila kuangalia walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma na kurudia kusoma. Ajabu ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wamelishika somo. Usiku wa kuamkia mtihani ukipita mabwenini utawaona wako hivyo hivyo, wamekolezea rangi kila mstari mpaka ukurasa wote umekuwa wa njano. Mkufunzi akitoa maswali matano kila Ijumaa, yasiyo na alama, kisha akaeleza kwa nini jibu la pili ni zuri lakini si la kwanza, itamgharimu robo saa. Hilo sihitaji kulitetea zaidi.

Wodini ndiko kuna kazi kubwa. Umoja wa Ulaya unataka muuguzi apate angalau saa 4,600 za mafunzo, nusu yake au zaidi zikiwa za vitendo. Huwa nasikia tunajilinganisha na saa kama hizo. Saa si kitu kama hakuna anayesimama na mwanafunzi. Wanafunzi wako wakija nane kwa siku moja na sisi wauguzi wawili, nakuambia ukweli wangu bila kuficha: tunawatumia. Watandike, wapeleke sampuli maabara, wampeleke mgonjwa picha. Jioni nawasainia saa nane kila mmoja, na kati ya hizo kujifunza ni dakika ishirini. Nimesaini hivyo mara nyingi na sijivunii. Mkufunzi wenu tunamwona wiki ya tathmini, amevaa koti jeupe na haraka. Nilitamani aje asubuhi moja ya kawaida, wakati wa kukabidhiana zamu, asimame na wanafunzi wawili kwenye kitanda kimoja kwa nusu saa. Wawili leo, wawili kesho. Na ratiba ya zamu itoke mapema. Mtoto anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na saa mbili ana kipindi, halafu mnashangaa amelala juu ya dawati.

Kuna jambo moja sikulisema kwenye barua zangu za mwanzo kwa sababu sikujua niliandikeje. Kifo cha kwanza. Wangu nilikuwa na wiki tatu wodini. Nilimfunga mama yule kidevu, nikamwosha nikiwa na muuguzi mzee aliyekuwa anaongea naye kama yu hai, “nakugeuza upande wa ukuta sasa”, na saa nane mchana nikafanya mtihani wa fiziolojia ya moyo. Nilifeli mtihani ule. Kwenye kikao cha kujadili supu nilisomewa kwamba sikujiandaa. Kati ya wale wanne waliofungasha wenyewe mwaka niliokuwa kwenye akiba, mmoja nilikuja kumfahamu, na alichoniambia kilifanana na changu, ila yeye hakuwa na yule muuguzi mzee. Sikuombi mwanasaikolojia. Naomba mtu mmoja mwenye funguo ya chumba tulivu, na ruhusa ya kuahirisha mtihani kwa siku mbili bila kuandikwa jina.

Najua utasema bajeti. Usaili wa vituo unahitaji watu, na tumejitolea. Maswali ya Ijumaa ni robo saa. Fomu ya tathmini ni karatasi. Ifutwe “kujiamini”, iandikwe “anauliza kabla ya kufanya asichokijua”, na nafasi ya maelezo ya muuguzi wa wodi iwe na alama. Cha gharama ni mkufunzi wa kuja wodini, na hicho ndicho nakukabidhi wewe, maana mimi sina meza ya kukipigania.

Binti wa arobaini na mbili yupo kwetu mpaka mwisho wa mwezi. Amenawa kiganja. Jana alihesabu dripu tatu kwa njia, si kwa kumbukumbu, moja akakosea akajigundua mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Daftari lake la vitendo nimelisaini kurasa zote alizozifanya, isipokuwa ule wa dripu. Huo nimeuacha wazi kwa ajili ya mkufunzi wake, asaini pale kitandani akiwa amemwona akihesabu. Wiki hii nzima nipo zamu ya asubuhi, kuanzia saa moja.

Wako katika kazi,

Muuguzi, wodi ya magonjwa ya ndani, mhitimu wa chuo chako