Mama Pacha, Baba ametangulia

Dodoma,
12 Mei 2025

Mama Pacha mpenzi,

Pole yako ilifika, na rambirambi uliyotuma kwa simu nilimkabidhi kaka mbele ya wote, wakajua imetoka Bukoba. Usiniombe radhi tena kwa kutokuja. Pacha walikuwa na mitihani, na Bukoba si Kongwa, mtu huwezi kupanda gari asubuhi ukazika jioni. Nimeamua nikuandikie kwa sababu tukipigiana simu mimi nalia, nawe unalia, mazungumzo yanaishia hapo, na kuna jambo la msibani ninalotaka ulijue lote.

Baba alifariki Alhamisi baada ya Pasaka, tukamzika Jumatatu kule Mvumi, ubavuni mwa Mama. Jeshi lilileta vijana wa kubeba jeneza, bendera ya Taifa na tarumbeta. Tarumbeta ilipolia, ng'ombe wa jirani waliokuwa wakila mabua ya mtama waliinua vichwa wote kwa pamoja, wakatulia hivyo mpaka ilipokoma. Hilo haliniondoki machoni.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi, tukiwa bado tunawasubiri ndugu wa Dar es Salaam, aliingia mzee mmoja anatembelea gongo, katoka Singida kwa basi. Hakuna aliyemjua. Akakaa mkekani na wazee, akala ugali wa uwele na mlenda, baada ya chakula akaomba kusema neno. Akasema mwaka 1979 alikuwa askari kijana, akaumizwa mguu ndani ya Uganda, akarudishwa hadi Mwanza, na hapo wakapakiwa majeruhi kadhaa kwenye ndege ya mizigo kupelekwa hospitali Dar es Salaam. Ndege alikuwa hajawahi kupanda. Amelala kwenye machela, anatetemeka kuliko alivyotetemeka kwenye mapigano. Kabla injini hazijawashwa, rubani akatoka mbele, akachuchumaa katikati yao, akawaambia: "Mtasikia kelele kubwa, hiyo ni kawaida. Tutatikisika mpaka tuvuke mawingu. Masikio yataziba, mezeni mate. Huko katikati patatulia, anayeweza kulala alale. Tukianza kushuka nitawaambia."

Mzee akasema kila kitu kilikuja vilevile, kwa mpangilio uleule. Jina la rubani alilipata baadaye kwa wenzake, na tangazo la msiba lilipoingia kwenye kundi lao la wastaafu, hakumuuliza mtu, alikwenda stendi.

Mama Pacha, nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, ikabidi niliweke chini. Maneno ya namna ile nayajua! Ndiyo Baba aliyotuambia mimi na wewe tulipokuwa darasa la pili, asubuhi ya chanjo. Wenzetu wote walikuwa wameambiwa sindano haiumi. Yeye alituita uani, akachuchumaa, akasema: "Itauma, kama kuumwa na siafu. Hesabuni mpaka tano. Halafu mkono utakuwa mzito mpaka kesho." Tukahesabu kwa sauti mbele ya nesi, mpaka tano, na kweli ikaisha. Tangu siku ile na wewe ukaanza kumwita Baba.

Miaka yote hii nilidhani ni namna yake ya kulea tu. Vita ya Kagera hakuisimulia. Watu wakisikia rubani wa jeshi walitaka habari za ndege za kivita za Ngerengere, naye aliwaambia wazi kwamba kazi yake ilikuwa kubeba mizigo na watu. Alifunzwa Kanada, enzi zile za kati ya 1965 na 1970 ambapo Wakanada walitusaidia kulea jeshi la anga baada ya Wajerumani wa Magharibi kujitoa. Akaja kurusha Caribou, ndege ya injini mbili yenye mlango mkubwa nyuma, inayoweza kutua hata kwenye kiwanja kifupi cha vumbi. Hayo aliyasema. Lakini ya 1979, hapana. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukiulizwa, kila ukija likizo, kabla hujanywa maji: "Daraja la Kyaka mnapitaje siku hizi?" Lile la zamani, la kuvukia Mto Kagera, majeshi ya Amin yalilivunja Novemba 1978. Tulimwona mzee anatafuta mazungumzo na mgeni wake. Leo ninawaza alikuwa akiuliza nini hasa.

Ya angani ndiyo aliyatoa kwa moyo. Alianza kuyajua akiwa mchunga ng'ombe, amelala chini ya mbuyu, anatazama tai wakizunguka na kupanda bila kupiga bawa. Alitueleza kwamba ardhi ikishika moto, hewa yake hupanda, na hewa hiyohiyo inayombeba tai ndiyo inayoitikisa ndege saa saba mchana. Dodoma yetu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana alipenda safari za alfajiri. Hata uzeeni, kisulisuli kikipita shambani Mpunguzi alikatiza maneno, akakiangalia mpaka kimalizike.

Kuna la kwangu ambalo sikuwahi kukuambia. Mwaka 2009, Mama alipolazwa, wewe ulikuwa na mimba ya pacha tukakuficha. Baba alituweka chini sote akasema: "Mama yenu hatapona. Atarudi nyumbani, kwa wiki mbili hivi atakuwa anaongea. Baada ya hapo hatatufahamu. Mwenye neno naye amwambie sasa." Nilimkasirikia, nikamwambia mbele ya wadogo zangu kwamba anamchuria Mama. Hakunijibu. Alikwenda jikoni kumsongea uji. Zile wiki alimpikia yeye mwenyewe, akajifunza mlenda, akazidisha magadi mara ya kwanza, Mama akaula hivyohivyo, anamtazama.

Na mimi, pamoja na hasira zangu, nilikwenda kukaa kitandani kwa Mama na kumwambia niliyokuwa nayo. Tuliongea siku tatu. Wiki ya tatu hakunijua. Sikurudi kwa Baba kumwambia kwamba siku zile tatu alinipa yeye. Miaka kumi na sita, tunakula meza moja, sikumwambia. Hilo linanila, rafiki yangu.

Mwaka huu ikawa zamu yake. Machi alituita tena. Miguu itavimba, akasema, nitalala sana, kisha sitataka chakula, na hapo msinilazimishe. Safari hii hakuna aliyebisha. Siku ya Karume, 7 Aprili, alitaka kupelekwa Mpunguzi kwenye kupogoa mizabibu. Tulimweka kitini kivulini, akawa anaonyesha kwa kidole tawi la kukata na la kuacha. Makasi alikuwa ameyashika mapajani muda wote, ingawa vidole havikuwa na nguvu ya kuyafunga.

Juzi ndipo nilipopata ujasiri wa kufungua daftari lake. Unalijua, lile lenye jalada jeusi, alilochora mistari kama ya kitabu chake cha saa za kuruka: tarehe, kazi, hali ya hewa, muda. Kurasa zote za nyuma ni za mizabibu. Ya mwisho ameandika 7 Aprili, kupogoa, mawingu kidogo, upepo wa mashariki. Chini yake akaendelea kuandika siku ambazo zilikuwa hazijafika. Lini kupiga dawa ya ukungu. Lini kuchomoa majani yanayofunika vichane. Na mstari wa mwisho kabisa, mwandiko umelegea lakini unasomeka: "31 Julai, siku ya 115. Msivune kwa kuangalia rangi. Onjeni kwanza upande wa barabarani, ndio unaotangulia."

Pacha watakuwa wamefunga shule au bado? Ukipata hata siku nne, njooni. Kitanda chako kiko palepale.

Wasalimie wote, na shemeji.

Ni mimi mwenzako wa dawati moja.