Salamu za Shukrani: Mwaka wa Yakobo na Petro

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki.

Kwa niaba ya mama yetu, ndugu zangu, wakwe na wajukuu, naleta shukrani za familia kwa wote mliosimama nasi tangu kuugua kwa mzee wetu mpendwa hadi siku tuliyompumzisha. Mama alikataa salamu hizi zitoke wiki ya maziko. Alisema hatuwezi kushukuru kwa ajili ya msiba peke yake tukayaacha yaliyoutangulia, tusubiri mwaka uishe tuushukuru wote. Kazi ya kuandika ikaniangukia mimi, kwa kuwa nyumbani nasifika kwa maneno mengi.

Wengi wenu mnaijua habari ya mzee, wengine mnaijua ya mtoto, na wachache walikuwa wakizibeba zote mbili. Figo za baba zilishindwa kazi mwanzoni mwa mwaka, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Hata ratiba hiyo hatujaizoea, mdogo wetu wa kike akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa njiti, hakufika kilo moja na nusu. Mama akawa na mume wodi hii na mjukuu wodi ile, na maombi ya jioni nyumbani yakawa yanataja majina mawili, siku zote kwa pumzi moja.

Baba ametwaliwa. Mjukuu yupo, na ninapoandika haya analia kwa sauti ambayo mapafu yake ya mwanzo yasingeiweza.

Hapo ndipo imani yetu ilipobanwa. Mungu yule yule, waombaji wale wale, mfungo ule ule, na majibu mawili. Katika kutafuta pa kushika, mama alitupeleka kwenye Matendo ya Mitume sura ya 12. Sura hiyo sote tunaipenda kwa sababu ya Petro: amelala gerezani katikati ya askari wawili, amefungwa minyororo, malaika anamgonga ubavuni, lango la chuma linafunguka lenyewe. Tunamcheka Roda, yule kijakazi aliyemwacha mtume wa watu nje ya mlango kwa furaha. Lakini kabla ya hayo yote, katika mstari wa pili, Herode anamwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Mstari mmoja tu, habari imepita. Maandiko yanataja maombi ya kanisa kwa ajili ya Petro. Kwa Yakobo hayasemi kitu. Mimi siamini kwamba kanisa lile halikumwombea. Na mama yake Yakobo, kama alikuwa bado hai, aliisikia vipi shangwe ya Petro kugonga mlango?

Luka, mwandishi wa kitabu hicho, haelezi kwa nini huyu aliokolewa na yule hakuokolewa. Hasemi Yakobo alipungukiwa imani, wala hasemi waliomwombea Petro walikesha zaidi. Tumeamua kuishi ndani ya ukimya huo wa Luka. Hatusemi maombi yenu kwa mtoto yalifika na ya baba yakaanguka njiani. Tunawashukuru kwa yote mawili, kwa uzito mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu wapo waliotuletea maelezo. Mmoja alikaa sebuleni akasema nyumba yenye wagonjwa wawili kwa wakati mmoja ichunguzwe, kuna dhambi imefichwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamsomea Yohana sura ya 9, pale wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na Bwana anajibu: “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Kisha akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Hatuna kinyongo naye. Ila tunajua sasa kwamba rafiki za Ayubu walifanya vema sana zile siku saba za mwanzo walipoketi naye chini bila neno. Taabu ilianza walipofungua vinywa.

Wengi wenu mliketi bila neno, na shukrani zetu kubwa ni kwenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu. Mtu akifikiri mashine ndiyo inayotibu, akae pale asubuhi moja aone muuguzi anavyotafuta mshipa kwenye mkono uliochoka sindano, huku akimuuliza mgonjwa habari za wajukuu ili asiangalie. Baba alipimwa uzito kabla na baada, na kila alichokunywa kati ya siku na siku kilionekana kwenye mzani. Kiu ndiyo iliyomtesa kuliko maumivu. Mama alikuwa akimgandishia vipande vidogo vya barafu, anampa kimoja, naye anakimumunya polepole macho yamefumbwa, halafu anasema “asante” kana kwamba amepewa mtungi mzima. Sisi tuliokuwa tukibariki chakula kwa haraka tulijifunza pale namna mtu anavyoshukuru kwa maji.

Tunawashukuru ndugu wa jumuiya waliogawana zamu za kumpeleka na kumrudisha. Anayetoka kwenye mashine hutoka hana nguvu, wakati mwingine hata kusimama ni shida. Kuna kijana mmoja, yeye mwenyewe atajijua, ambaye hakuwahi kuuliza “unajisikiaje mzee?” Alikuwa anakilaza kiti cha mbele kabla baba hajatoka, anaweka taulo mahali pa kichwa, anazima redio, anaendesha taratibu. Baba alituambia huyo ndiye mhubiri anayemwelewa.

Tunawashukuru waliochangia damu, na tunajua baadhi yenu mlirudi tena bila kuitwa. Tunawashukuru wauguzi wa watoto wachanga waliomfundisha dada yetu kukamua maziwa hata siku ambazo yalikuwa matone, na kumbeba mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, huku mpira mwembamba wa kumlishia ukiwa puani. Shemeji yetu naye alivua shati akambeba zamu za usiku. Mwanzoni aliona haya, baadaye ikawa kumnyang’anya mtoto ni kazi.

Mchungaji wetu, Mungu akubariki. Ulikuja kitandani kwa baba ukamsomea Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila mstari wa faraja mwishoni. Tulishtuka kidogo, tuseme ukweli, tulitegemea ya 23. Baba, mzee wa kanisa wa miaka mingi, alinyamaza, kisha akasema hiyo hajawahi kusikia ikihubiriwa, isome tena. Baada ya hapo akaanza kusema waziwazi kwamba anaogopa, na alipoweza kusema anaogopa, akaweza pia kuaga. Alimwomba mama asamehewe mambo ambayo sisi watoto hatukuyajua na hatukuuliza. Alimwekea mjukuu mkono kichwani siku dada alipomleta kutoka hospitali, akamwombea kwa sauti ambayo ilibidi tusogee ili tuisikie.

Kwaya, hamkuimba kwa haraka. Vijana mliochimba, mliopanga viti na mliobaki kuvipangua watu wote wameshaondoka, tuliwaona. Wafanyakazi wenzake wa zamani mliosafiri usiku kucha, tuliwaona. Mliotuma rambirambi kutoka mbali na mkaomba radhi kwa kushindwa kufika, hamna deni.

Kuna watu waliuliza kama tutasema “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.” Tumesema, siku ya maziko, na mama ndiye aliyeanza. Lakini ilimchukua muda kufika kwenye nusu ya mwisho, “jina la Bwana na libarikiwe,” na hakuna aliyemharakisha. Mwaka huu tumelisoma pia jibu la wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli mbele ya tanuru la moto, kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, “bali kama si hivyo,” hawataisujudia sanamu. Nyumba yetu imeishi kwenye maneno hayo manne tangu wiki ya mazishi. Siku nyingine tunayasema kwa nguvu. Siku nyingine anayasema mmoja, wengine tunaitikia amina kwa shida, na jumuiya ikija jioni inatuitikia zaidi.

Sasa machache ya kawaida. Taarifa ya mapato na matumizi iko kwa mweka hazina wa kamati, na yeyote aliyechanga ana haki ya kuiona. Gharama za hospitali na za maziko zimelipwa zote. Kilichobaki familia imekubaliana kiende kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa akisafishwa damu kitanda cha jirani na baba, ambaye hana watoto wa kumchangia.

Ibada ya shukrani itafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, ibada ya pili, na mtoto atabatizwa siku hiyo. Karibuni wote.

Kiti cha magurudumu tulichoazimwa kimesharudishwa kwa mwenyewe. Limebaki godoro moja la kijivu na Biblia ndogo yenye zipu, vimetunzwa stoo. Tumeuliza kila mtu na kila mtu anakataa si chake. Tafadhali, mwenye navyo ajitokeze.

Ni sisi: mama, watoto, wakwe na wajukuu.