Shemeji, usimhamishe kijana kwanza

Shemeji,

Dada ameniambia umeshaanza kuulizia nafasi ya bweni kwenye shule ya viziwi, kijana aende huko mwaka ujao. Nakuandikia kabla hujalipa chochote. Naandika hadharani kwa sababu wazazi wa darasa langu hapa Eastlands, Nairobi, huniletea swali hilohilo kila muhula.

Kijana si kiziwi. Mtu akinong'ona habari za mandazi jikoni, yeye keshafika mlangoni. Hata hivyo masikio yapimwe, tena mapema, maana sikio lililowahi kutoa usaha linaweza kusikia kelele zote za mtaa na bado likakosa sauti ndogondogo za maneno.

Shida tunayoiona ni kwamba anasema "tuku" badala ya kuku na "titabu" badala ya kitabu. Katika miaka mitatu hilo ni jambo la kawaida, watoto wengi hupitia hapo. Yeye ana saba. Wewe unalaumu lugha: Kikuyu cha shosho (bibi yake), Sheng ya nje, Kiswahili cha nyumbani, Kiingereza cha darasani. Lugha nyingi hazimharibu mtoto usemi. Angekuwa anakosea Kiingereza peke yake ningesema bado anajifunza, lakini k inamgeukia t kwa shosho, uwanjani na darasani. (Na tusichanganye mambo: mtoto anayesema "lais" kwa sababu kwao wote husema hivyo hana ugonjwa, ana lafudhi. Walimu wenzangu, hilo ni lenu pia.)

Shosho naye anataka akatwe kile kiuzi cha chini ya ulimi. Mheshimu, ila usikubali. Tamka k mwenyewe sasa hivi: inatoka nyuma ya ulimi, kiuzi kiko mbele.

Pa kuanzia ni EARC, vituo vya kutathmini watoto vilivyoanza mwaka 1984, ambavyo mara nyingi ofisi zake zimo ndani ya shule za umma. Kama cha eneo lenu kimelemewa, kuna KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani. Watamwangalia, watampima, kisha wakuelekeze kwa mtaalamu wa matamshi na lugha. Hapo ndipo penye ugumu, sitakuficha. Marekani, sheria ya mwaka 1975 inazibana shule za umma zitoe huduma hii bure kwa mtoto anayestahili. Kwetu mtaalamu yuko hospitali, mtoto yuko shuleni, na katikati kuna nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Lakini kazi yenyewe haiogopeshi. Mtaalamu anaweza kuweka mezani picha mbili, taa na kaa. Kijana anataka kaa, anasema "taa", anapewa taa. Anakasirika, anajaribu tena, na taratibu anagundua kuwa ile sauti ya mwanzo ndiyo inayoamua atapewa nini. Mchezo huo mtaurudia nyumbani kila jioni kwa dakika chache, na hapo ndipo mtoto anapopona zaidi, kwa sababu kwa mtaalamu atakaa muda mfupi tu. Akikosea mezani usimwambie "sema vizuri". Lirudie neno lake sawasawa, "ndiyo, kuku", kisha endelea kula.

Shuleni kwake, omba mambo mawili. Akae mbele. Na mwalimu asipime usomaji wake kwa kumsimamisha asome kwa sauti pekee, kwani anayesoma "titabu" huku akionyesha kitabu kwa kidole amelielewa neno. Wakikuambia hawana nafasi ya watoto kama huyo, Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zilizojumuishwa na jamii, kwa kadiri inavyomfaa yeye. Sembuse mtoto aliyekwama kwenye sauti moja.

Kwenye shule ya viziwi wenzake watazungumza kwa ishara, na ni vema, hiyo ndiyo lugha yao. Ila yeye atakosa kusikia k siku nzima, mtoto anayeihitaji kuliko wote.

Jumatatu mwombe mwalimu wa darasa barua inayoeleza anachokiona, mwalimu mkuu aipige muhuri. Beba na kitabu cha kliniki na cheti cha kuzaliwa. Dada akikosa ruhusa kazini, nitampeleka mimi likizo ikianza.